Mauthpisi ya Kumpigia Syprose

Laini Nambari Nne, Kericho
12 Februari 2023

Shemeji Jairus,

Syprose amekufa. Alikufa Alhamisi tarehe tisa, saa sita na nusu mchana, hapa kwa dispensari ya estate ya chai. Ni moyo. Hospitali ya Kericho hakufika.

Mpwa wako Molly alikutumia meseji, hujajibu. Najua simu husikii, lakini kusoma unasoma. Kwa hivyo naandika. Barua inaenda na gari ya parseli, kesho kutwa utakuwa nayo.

Mwili iko mochari. Tunazika nyumbani Nyakach, Jumamosi tarehe ishirini na tano. Unajua nyumbani sina nyumba. Miaka thelathini na moja nimelala kwa nyumba ya kampuni nikisema mwaka ujao nitajenga. Sasa wazee wamesema mke haingii boma kama hana nyumba yake. Ndugu zangu wanamjengea ya mabati, vyumba viwili. Wanasema siku tatu inatosha. Miaka thelathini na moja, halafu siku tatu.

Wewe ni pacha wake. Kuja.

Kepher Owiti


Thika
17 Februari 2023

Kepher,

Meseji niliiona. Niliisoma, nikaiweka simu chini ya mto, nikakaa kitandani mpaka Mama Maxine wa mlango wa pili akaja kunishika bega. Chai yangu ilikuwa inaungua na nyumba imejaa moshi. Sikuwa nimeona moshi.

Sitakuja. Ni mguu. Sukari imekula kidole cha pili na sasa iko kwa nyayo. Daktari amenifunga bandeji akasema nikikaa kwenye gari kwa saa nane, nitarudi nikiwa na mguu mmoja. Nilimwambia huyo ni pacha wangu anazikwa. Alinijibu kitu, sikusikia, akaandika kwenye karatasi: "Atakuwa hapo ukipona."

Sisi tulitoka tumbo moja. Mimi nilitangulia, ndio maana naitwa Opiyo na yeye Adongo. Alichelewa nusu saa. Mama alikuwa akisema hiyo nusu saa nililia kama mtoto ameachwa sokoni.

Nataka vitu viwili kwako. Cha kwanza, umpigie tarumbeta, na uipige vizuri, kwa niaba yangu. Masikio yangu yalibaki kwa bendi, miaka ishirini na sita nikisimama mbele ya matromboni, lakini mikono na macho yangu bado yanajua muziki. Wewe ndiye utakuwa mdomo wangu.

Cha pili, niandikie hiyo Alhamisi. Kuanzia asubuhi. Alikula nini. Alianza kuumwa saa ngapi. Nani alikuwa naye. Usiruke.

Jairus Opiyo


Laini Nambari Nne
6 Machi 2023

Shemeji,

Pole na mguu. Molly amerudi kazini kwa ile hoteli ya Kericho mjini. Juzi mvua ya mawe ilipiga, majani yote chini, siku mbili hatukuchuna. Ng'ombe ya jirani ilikufa na radi. Hiyo ndio habari.

Tulimzika. Watu walikuwa mingi. Nyumba iliisha saa tatu asubuhi na mlango rangi ilikuwa bado mbichi. Wakipitisha jeneza, ikashika kijani upande moja. Tulimzika na hiyo kijani.

Kumpigia, nilipiga. Haikuenda. Mstari ya kwanza ya wimbo ilitoka. Ya pili pumzi iliisha katikati. Nikavuta ingine, ikatoka upepo tu. Noti ya juu haikupanda kabisa, ikapasuka. Pasta alianza kuomba kwa nguvu kabla nimalize, ndio anifunike. Nyuma ya tenti Phelix wa ngoma akaniambia, "Mzee, ile ilikuwa tarumbeta ama ni ng'ombe imefungiwa?" Nilikaribia kumpiga kofi. Lakini alisema kweli.

Mimi nyumbani hawanijui kwa shamba wala kwa nyumba. Wananijua kwa hiyo tarumbeta. Hiyo tu. Na nilimharibia mazishi nayo.

Rapar itakuwa tarehe thelathini Disemba, wale wa mbali wakiwa wamerudi. Watu watakuja kumkumbuka, tutakula, tutaomba, na mimi nitapiga tena pale kwa kaburi. Nataka ipigwe yote, mistari yote nne, bila kukatika. Nataka mauthpisi ingine, ile ya kuweka kwa mdomo. Ya kutoa sauti safi na isiyochosha mdomo. Wewe ndio fundi. Nichagulie.

Kepher


Thika
21 Machi 2023

Kepher,

Asante kwa kumzika. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta ile Alhamisi. Nimeona mvua ya mawe. Nimeona ng'ombe ya jirani. Dada yangu sijamwona.

Mguu uko vile vile. Mama Maxine ananiletea uji bila sukari na anasimama hapo mpaka niumalize, kama askari jela.

Sasa mauthpisi. Kila wiki mtu wa kanisa fulani anakuja kwa kibanda changu akitaka mauthpisi ya "kupanda juu". Namwandikia kwa ubao: unafanya mazoezi mara ngapi? Anaandika: Jumapili. Namwandikia: basi nunua ngazi. Mauthpisi haipigi tarumbeta, shemeji. Ni mdomo na pumzi. Mauthpisi kazi yake ni kutovizuia.

Lakini wewe si mtu wa Jumapili, nakujua. Ile uliyo nayo nilikupa mimi, mwaka Molly alizaliwa. Namba 7C, ya fedha. Ilitoka kwa mdomo wangu ikaenda kwa wako. Imekubeba miaka hiyo yote. Kitu kama hicho hakiamki siku moja kikakataa. Ama mdomo wako umebadilika, ama chenyewe kimebadilika.

Nitumie hiyo ya zamani niiangalie. Na unijibu: meno yako yako aje? Baada ya kupiga, alama inabaki wapi kwa mdomo? Unachoka upande gani?

Na ile Alhamisi.

Jairus


Laini Nambari Nne
30 Aprili 2023

Shemeji,

Nimechelewa. Kazi imebadilika. Wameleta mashine zaidi za kuchuna, watu wawili wanashika, moja huku moja huku, inakata juu ya chai kama kinyozi. Wale wa mikono wengi wameambiwa waende nyumbani. Mimi wameniweka kwa mashine kwa sababu nimekaa sana. Jioni mikono inatetemeka, kikombe inamwagika.

Molly ni mzima. Huja Jumapili, anafua, anaenda. Haongei sana.

Meno: moja ilitoka juu, upande ya kushoto, mwaka jana. Alama inabaki hapo hapo kwa pengo. Nachoka hapo.

Ile ya zamani siwezi kutuma. Tuma tu ingine.

Alhamisi hakuna ya kuandika. Alishikwa, akafa.

Kepher


Thika
11 Mei 2023

Kepher,

"Alishikwa, akafa." Hivyo ndivyo mtu anavyosema habari ya kuku.

Sina nguvu ya kugombana na karatasi. Nakutumia mbili za kujaribu. Nimezifunga uzi usizichanganye.

Ya uzi mwekundu ina kikombe kifupi na ukingo mwembamba. Sauti yake kali, itapanda juu haraka. Ya uzi wa bluu ina kikombe kirefu, sauti nene, ya kwenda chini ya moyo. Kila moja ipige siku kumi. Siku kumi! Usifanye kama wale wanaobadilisha kila asubuhi kama soksi, mdomo unachanganyikiwa haujui uko kwa nani. Anza na noti ndefu, polepole, kwa sauti ndogo. Na baridi ya huko, shaba iliyolala usiku kucha kwenye sanduku inauma mdomo, ipashe kwanza ndani ya shati.

Usisukume. Nakujua, ukikosa noti unasukuma tarumbeta kwa meno kama unafungua mlango. Hilo pengo litakuadhibu.

Halafu niandikie kila kitu. Nimesema mauthpisi. Lakini ukitaka kuandika kila kitu, karatasi haina wivu.

Jairus


Laini Nambari Nne
2 Julai 2023

Shemeji,

Salamu kutoka kwa baridi. Mwezi huu asubuhi tunaingia kwa chai na koti ya plastiki na bado maji inafika kwa mgongo. Molly alipata homa, akapona. Nimejifunza kupika ugali. Ni mbaya.

Nimejaribu.

Nyekundu siku kumi. Noti ya juu ilipanda siku ya kwanza. Nilifurahi. Siku ya nne ikakata mdomo ndani, pale kwa pengo. Damu kidogo. Sauti ni kali sana, jirani Mongina alinigongea ukuta, akasema, "Baba Molly, hiyo ni ya kufukuza nyani?" Ya kuzikia watu si hiyo.

Bluu siku kumi na mbili. Hiyo sauti ni nzuri. Mongina hakugonga. Alisimama nje na sufuria yake mpaka nikamaliza. Lakini sikumaliza. Mstari ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu mdomo inakufa. Kama kubeba gunia mlima. Ya nne sijawahi kufika.

Nilipiga noti ndefu vile ulisema. Sikusukuma. Mara mbili nilisukuma.

Nataka kitu iko katikati. Kuna miezi sita.

Kepher


Thika
16 Julai 2023

Kepher,

Hiyo ndiyo barua. Umeandika kama mtu. Damu, mlima, Mongina na sufuria, naona yote. Kumbe unaweza.

Mimi wamenikata kidole. Cha pili. Niliamka nikakitafuta kwa macho, kilikuwa hakipo. Usiniambie pole, nimechoka na pole.

Sasa sikia. Unataka kikombe cha katikati, hiyo nimekubali. Ukingo uwe mpana na wa mviringo, ulale juu ya mdomo kama mto, ili pengo lipumzike. Nina tatu za aina hiyo na ninaweza kukereza ukingo. Lakini mdomo wako una kumbukumbu ya miaka thelathini. Lazima nipime ile ya zamani: upana wake, kina chake, tundu lake la kupitisha pumzi. Nikijua mdomo wako umezoea nini, nitajua niubadilishie nini na niuachie nini. Bila hiyo nabahatisha, na dada yangu sitambahatisha.

Umesema huwezi kuituma. Hukusema imepotea. Hukusema imeibiwa.

Itume, ama sichagui.

Jairus


Laini Nambari Nne
27 Agosti 2023

Shemeji,

Hii hapa.

Usiulize sana.

Kepher


Thika
3 Septemba 2023

Kepher,

Iko mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe, chini ya taa. Nimeiangalia siku mbili.

Nani aliitoboa?

Tundu la 7C ni dogo, kijiti cha kibiriti kinasimama hapo. Hili linaingiza kalamu. Mtu amepitisha drili ya chuma, na mkono wake ulicheza, kuna kovu limezunguka kama uzi wa skrubu. Ndiyo maana pumzi yako iliisha mstari wa pili. Wewe ulifikiri tundu likiwa kubwa pumzi itapita rahisi. Inapita! Inapita yote mara moja, kama kumwaga debe, na mdomo haupati kitu cha kuegemea. Huo udogo ndio ulikuwa unakubeba. Hata mwanafunzi wa miezi mitatu ningemchapa kwa hiyo.

Lakini hilo si ndilo lililoninyima usingizi. Nje mauthpisi yote ni nyeusi, fedha imeisha, ni ya miaka thelathini. Ndani ya tundu shaba ni mpya, inang'aa. Mauthpisi iliyotobolewa ikapigwa hata mwezi mmoja hupata ukungu wa mate hapo. Hii ilitobolewa ikapigwa mara moja, labda mbili, ikafungwa. Kwa hivyo ilitobolewa karibu na mazishi.

Sasa mimi nauliza. Kuna mwanamume anayetoka kwenda kutoboa mauthpisi akiwa na mkewe mochari? Sidhani ni wewe. Basi ilikuwa kabla.

Kabla siku ngapi, Kepher?

Jairus


Laini Nambari Nne
24 Septemba 2023

Shemeji Jairus,

Ni hiyo Alhamisi.

Sitaweka salamu.

Jumapili ya tarehe kumi na mbili bendi za kanisa zilikuwa zishindane Kericho. Noti ya juu ilikuwa inanisumbua tangu jino itoke. Bethwel, yule fundi wa mashine kwa kiwanda, alisema, "Leta kwangu, nitafungua hiyo tundu dakika tano, itapiga kama ya harusi." Alisema nije kabla shifti yake iishe saa sita.

Asubuhi Syprose alikula viazi vitamu na chai. Tulienda kuchuna wote, yeye chini mimi juu. Saa nne alitoka. Alisema kifua imemshika na mkono inakuwa baridi. Alienda dispensari mwenyewe, kwa miguu. Saa nne na nusu akanipigia. Alisema, "Baba Molly, sista anasema niende Kericho saa hii. Kuna gari ya ofisi inaenda saa tano, wamekubali kunibeba. Leta kadi ya hospitali, iko chini ya godoro. Kuja haraka." Nikasema nakuja.

Nyapara aliniruhusu. Nilienda nyumba nikachukua kadi. Mauthpisi ilikuwa hapo juu ya meza. Nikaweka kwa mfuko.

Kutoka kwa nyumba kwenda dispensari unapita kiwanda. Bethwel alikuwa amesimama kwa mlango. Akasema drili iko wazi sasa, ikishikwa na kazi ingine ni mpaka Jumatatu. Niliangalia saa. Saa tano kasoro dakika kumi na tano. Nikasema dakika tano.

Drili iliteleza. Akafungua, akafunga tena. Akatafuta ingine nyembamba. Mimi nilishika taa. Simu ililia mara mbili, kwa sababu ya mashine sikusikia. Niliona baadaye. Tulimaliza saa tano na nusu. Alinipatia nikapuliza hapo, ikatoka sauti kubwa. Tulicheka. Andika hiyo kwa akili yako, nilicheka.

Nikafika dispensari. Alikuwa kwa benchi nje, kwa jua. Gari ilikuwa imeenda. Sista alisema dereva alimngoja robo saa, akamwambia mama panda, mzee atafuata na kadi. Syprose alikataa. Alisema, "Amesema anakuja. Hatanipata."

Aliniona. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Umekuja." Tulitafuta pikipiki, sista akasema kwa pikipiki hataweza. Wakapiga simu ya gari ingine. Saa sita na nusu alikuwa ameniegemea na akaacha kuniegemea, akawa mzito. Hivyo ndio nilijua.

Kwa mazishi nilipiga na hiyo hiyo. Sikuwa na ingine.

Molly hajui. Sasa wewe unajua.

Kepher


Laini Nambari Nne
29 Oktoba 2023

Shemeji,

Hujajibu. Watu wa parseli wamenionyesha kitabu yao, barua ulichukua tarehe ishirini na sita Septemba, ulitia sahihi. Naijua sahihi yako.

Kama ni mguu, mtu aniandikie.

Mauthpisi unaweza kuacha. Nitapiga na ile ya bluu, mistari mbili, inatosha.

Molly nilimwambia. Ilikuwa Jumapili, alikuwa anafua. Alifua mpaka ikaisha, akaanika, akavaa viatu. Jumapili iliyofuata hakuja. Na hii ya leo.

Kepher


Thika
26 Novemba 2023

Kepher,

Nilipata. Nilisoma mara nne nikidhani nimeruka mstari, kwamba mahali fulani ulipita hicho kiwanda moja kwa moja. Hukupita.

Molly alikuja hapa. Alilala siku tatu. Tulikaa tukiandikiana kwa ubao na kufuta, kuandika na kufuta. Aliniuliza kama gari lingemfikisha. Nilimpeleka kwa daktari wangu wa mguu, yeye akamuuliza. Daktari alisema moyo wa aina hiyo pengine ungemwishia njiani, pengine angefika. Pengine mbili. Siandiki hivyo ili upumue. Naandika kwa sababu nilikuambia usiruke, na mimi siwezi kuruka.

Ningekuwa na mguu ningekuja Oktoba, na si kwa kusalimiana.

Mauthpisi imo humu. Kikombe cha kati, ukingo mpana, nimeukereza mwenyewe mara tatu. Upande wa pengo lako nimeulainisha zaidi, nimeweka alama ndogo uigeuze hapo. Tundu nimeliacha lilivyotoka kiwandani. Ukiligusa, nitajua. Niliijaribu kwa mdomo wangu, mkono wangu ukiwa kwenye kengele, ule mwisho mpana wa tarumbeta ya mteja. Ilitetemeka sawasawa kutoka chini mpaka juu. Ni nzuri kuliko ile niliyokupa zamani.

Usinishukuru. Sikukuchagulia wewe. Aliharibiwa mazishi, na hatazikwa tena, kwa hivyo ni hiyo rapar tu imebaki. Una wiki tano. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, na siku ya kabla pumzisha mdomo.

Nitakuja. Molly atanileta mpaka Nyakach. Usije kunipokea kwa steji.

Jairus


Laini Nambari Nne
1 Januari 2024

Shemeji Jairus,

Wametuambia mlifika Thika salama. Mguu sijui. Niliona unatumia magongo.

Ulisema nisiandike tena. Nilisikia. Hii ni kwa sababu moja, halafu nimenyamaza.

Jumamosi ulikaa mbele kabisa, umenipa mgongo, Molly kando yako. Mimi nilisimama nyuma, kwa mlango ya nyumba yake. Niliweka mauthpisi kwa mdomo vile uliweka alama. Mstari ya kwanza ilitoka yenyewe. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, pale mdomo ilikuwa inakufa, haikufa. Noti ya juu nilifika nikakaa hapo. Wale wanawake wa sufuria waliacha kupakua. Phelix aliweka fimbo ya ngoma chini. Sijawahi kupiga hivyo maisha yangu yote. Mauthpisi yako ni sawa kabisa.

Baada ya maombi ulikuja na magongo, ukasimama mbele yangu. Ulisema kwa ile sauti yako kubwa, kila mtu akageuka, "Ilitoka yote?"

Nikatingisha kichwa. Ndiyo.

Ukasema, "Basi. Wewe na mimi tumemaliza. Usiniandikie." Ukaenda. Molly alikushika mkono, na mimi hakuniangalia.

Haikutoka yote.

Mstari ya nne sikupiga. Mdomo haikuwa imechoka. Pumzi ilikuwa bado iko. Noti nazijua tangu nikiwa kijana. Nilishusha tu tarumbeta. Pasta alifikiri ndio mwisho, akasema amina, watu wakasema amina. Hakuna mtu alijua. Kwa nini nilishusha, nimejiuliza siku mbili, sijui. Hapo sikufichi kitu. Sijui.

Lakini wewe uliniuliza uso kwa uso, na huna masikio ya kunishika, na nilikudanganya kwa kichwa. Ile Alhamisi nilikunyamazia miezi saba. Hii ingine siwezi.

Usilaumu mauthpisi. Usikereze ingine.

Leo ni sikukuu, mashine zimelala. Kesho narudi kazini.

Kepher